Soko Nyuma ya Ukuta

Kijana akija kwangu hapa Kehancha na mchoro wa ukuta, kwanza nampa uji. Uji unampa muda wa kunyamaza, na mimi unanipa muda wa kutafuta miwani. Akimaliza kikombe naufungua mchoro mezani, naweka kidole nyuma ya ukuta, pale alipochora vidoti vya udongo, namuuliza, "Hapa kuna nini?"

Wote hujibu kitu kimoja. "Udongo, mama."

Basi namwongezea uji, kwa sababu tutakaa.

Nimechora kuta za kuzuia udongo karibu maisha yangu yote ya kazi, kutoka huku mpakani hadi ufuoni mwa ziwa kule Homa Bay. Sikuwa injinia hodari kuliko wengine. Nilikuwa mbishi tu, na mbishi akikosea hujifunza kwa aibu, na somo la aibu halitoki kichwani. Nyinyi mnaoanza mna laptop zinazopiga hesabu kabla hamjakaa vizuri kwenye kiti. Sisi tulianza na karatasi ya kuangazia, kalamu ya wino na wembe wa kukwangulia makosa. Sitaki kuwadanganya kwamba zamani ilikuwa bora. Wembe ule uliniachia alama tatu kwenye dole gumba na sijawahi kuukumbuka kwa upendo. Ila kuna kitu kimoja ambacho programu yako haikijui, nami nilikijua kwa kuchelewa.

Tuanze na ukuta wenyewe. Watu wengi hudhani unasimama kwa unene. La. Ukuta wa aina hii ni mwembamba, na umbo lake ni kama herufi L iliyoota kidole mbele. Chini una kitako kipana. Sehemu ya kitako inayoingia nyuma, chini ya udongo, tunaiita kisigino, na ile inayotokeza mbele ndiyo kidole. Udongo unausukuma ukuta uanguke mbele, lakini udongo huohuo umekikalia kisigino na kukikandamiza kisiinuke. Kwa hiyo anayekusukuma ndiye anayekushika. Wenye ndoa wamenielewa.

Ukuta ukisukumwa hivyo, zege ya upande wa udongo huvutwa, na kwa kuwa chuma ndicho kinachoubeba mvuto huo, chuma kikubwa hukaa upande wa udongo, ndani, ambako zege hutaka kupasuka. Hilo nilidhani kila mtu analijua, mpaka nilipokwenda Ndhiwa kukagua ukuta mfupi karibu na mnada wa ng'ombe. Nilikuta vyuma vyote vimesukwa upande wa barabara, vimenyooka kama meno ya kitana. Nikamuuliza fundi kwa nini amegeuza mchoro. Akanijibu kwa upole kabisa, "Madam, watu wanapita huku. Huko nyuma ni udongo tu, vyuma vitamlinda nani?" Tulivisuka upya siku mbili. Tangu siku hiyo, kwenye kila mchoro wangu niliandika kwa herufi kubwa UPANDE WA UDONGO, na mshale, hata kama nilionekana mjinga.

Kosa lililofuata, la mjini Kegonga, lilikuwa langu mwenyewe. Kwenye hesabu zangu niliuhesabu udongo ulio mbele ya kidole, nikasema huu utausaidia ukuta usiteleze. Hesabu ilitoka safi. Baada ya mwaka nikaitwa, ukuta umeanza kuinama. Kufika, mbele ya ukuta hakuna udongo. Wenyeji walikuwa wameuchimba wote kufyatulia matofali, na matofali yenyewe yalikuwa mazuri, nakiri. Mzee Okelo, aliyekuwa mkuu wangu ofisini, alicheka mpaka akavua miwani. "Gati," akaniambia, "udongo wa nyuma ni wa ukuta. Wa mbele ni wa mwenye jembe. Usiuhesabu tena."

Mzee Okelo ndiye aliyenilea katika kazi hii. Alikuwa mtu wa Homa Bay, mwembamba, wa maneno machache, na alikuwa na mazoea ambayo vijana wa ofisi waliyacheka. Kabla ya mtu kuchora chochote, alimtuma kwenye kiwanja na maswali matatu: wanawake wa hapa huteka maji wapi, ng'ombe husimama wapi kiangazi kikikaza, na nyasi hubaki kijani wapi mwezi wa pili. Alikuwa na msemo wake, nao tuliusikia mpaka tukauchoka: udongo unausukuma ukuta, lakini maji ndiyo yanayouangusha.

Sasa nifike kwa Dani Awino.

Kulikuwa na zahanati kwenye mteremko unaotazama ziwa, nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Ilitakiwa kuongezewa wodi ya kina mama, na nafasi haikuwepo. Njia ilikuwa moja: kujenga ukuta mrefu upande wa chini, kujaza udongo nyuma yake, na kuijenga wodi juu ya uwanja huo mpya. Tatizo lilikuwa chini ya ukuta. Ardhi yenyewe ilikuwa udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na ukuta wa urefu ule ungezama kama kisigino cha kiatu cha arusi. Tukaamua kuusimamisha juu ya paili, yaani nguzo za zege zinazochimbiwa chini mpaka zifike kwenye mwamba. Safu mbili. Ya mbele inakandamizwa, kwa sababu ukuta unainamia huko. Ya nyuma kazi yake ni nyepesi, na wakati mwingine huvutwa juu kama jino.

Tatizo la pili lilikuwa mtu. Hatua kumi chini ya mahali pa ukuta palikuwa na boma la mjane mmoja, Awino, ambaye kila mtu alimwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo. Nyumba yake ya bati ilikuwa hapo, na kando yake kaburi la mumewe, limesakafiwa. Wenye zahanati walimwomba ahame, wakampa kiwanja kingine kizuri, akakataa. Mimi nikatumwa nikazungumze naye, mwanamke kwa mwanamke, ingawa mimi ni Mkuria na Kijaluo changu kiliishia kwenye salamu.

Alinikalisha kwenye kigoda, akanipa samaki, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi siwezi acha Mzee hapa peke yake. Wewe niambie kitu moja tu, nyar Kuria. Hiyo ukuta yako itakuja kwangu?"

Nyar Kuria ni binti wa Wakuria. Hakuniita jina lingine siku zote tulizojuana.

"Hautakuja, Dani," nikasema.

"Sema tena."

"Hautakuja."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetia sahihi, na yeye ndiye aliyeruhusu kazi ianze. Vijana, katika kazi hii mtasaini karatasi nyingi. Mimi sikumbuki hata moja. Lile neno moja kwenye kigoda ndilo ninalolikumbuka.

Siku hiyohiyo, kwa kuwa nilikuwa na maswali ya Mzee Okelo mfukoni, nilimwonyesha mteremko ulio juu ya boma lake nikamuuliza zamani palikuwa na nini pale. Akanyoosha mkono. "Hapo juu ilikuwa soko," akasema. "Wanawake wote ya hapa walikuwa wanakuja hapo asubuhi, foleni mpaka kwangu. Barabara ilipokuja, ikaisha."

Nikaandika kwenye daftari langu: soko la zamani, lilikufa barabara ilipokuja. Lilikuwa jambo la kawaida. Barabara huua masoko kila mahali, huzaa mengine mbele. Nikaona pia kwamba nyasi za pale ni kijani, na ulikuwa mwezi wa pili, jua la kupasua kichwa. Hilo lingetosha kuniamsha. Lakini nilikuwa nimeshajua jibu, na mtu aliyeshajua jibu ni kipofu mwenye macho. Nilijiambia pale palikuwa soko, mbolea ya mbuzi na maganda ya ndizi imebaki ardhini, ndiyo maana panastawi. Nikajiona mwerevu.

Ofisini niliandika ripoti kwa Kiingereza, na neno la soko nikaliandika kwa Kiingereza pia. Mzee Okelo akaisoma, akauliza kama nimewauliza wenyeji, nikasema ndiyo, akapitisha. Visima vya kupimia udongo vilichimbwa kiangazi, tena upande wa mbele, na havikuonyesha maji ya kutisha. Nikapiga hesabu za ukuta wenye udongo mkavu nyuma yake. Vitundu vya kutolea maji niliviweka vichache, vya kupitisha mvua tu.

Kazi ilikwenda vizuri, nisiseme uongo. Tulichimba paili zote, tukashusha vizimba vya chuma, tukamimina zege. Kitako kikafuata, kisha ukuta wenyewe ukapanda, umenyooka, na vyuma vyake vilikuwa upande wa udongo. Tukaanza kujaza nyuma. Tulipofika nusu, mvua za masika ya mwaka uliofuata zikaanza.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama na foromani kibandani, tunasubiri lori la udongo. Dani Awino akapanda mteremko polepole na fimbo yake. Alionekana na furaha.

"Nyar Kuria," akasema, "soko imerudi."

Nikadhani ni wale mama wanaowauzia wafanyakazi chapati na chai. Foromani alikuwa amewafukuza wiki iliyopita kwa kuziba njia. "Waache tu, Dani," nikamwambia. "Waache wauze."

Akanitazama. "Wauze nini?"

"Chochote. Chapati, samaki."

"Wauze pi?" akauliza, na pi hata mimi nililijua. Ni maji. Nikasimama pale na kikombe mkononi. Dani akamgeukia foromani kuona kama labda mimi ndiye mgonjwa, kisha akanishika mkono, akaniongoza kama mtoto hadi nyuma ya ukuta. Pale kwenye kona, kati ya udongo tuliojaza na mteremko wa asili, maji yalikuwa yanabubujika. Maji safi, baridi. Alikuwa ameshaweka jagi lake.

Kwa Kijaluo, soko ni chemchemi.

Sitawaficha, niliogopa, nikayarudia maneno yake kichwani. Wanawake wote asubuhi, foleni, barabara ilipokuja ikaisha. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Waliochonga barabara walimwaga udongo juu ya jicho la maji, likanyamaza, nasi tulipochimba mahali pa kisigino tukalifungulia mlango. Dani alinijibu swali la Mzee Okelo barabara kabisa, na mimi nikamwandikia jibu lingine.

Sikilizeni kwa nini niliogopa. Maji nyuma ya ukuta hayaongezi mzigo kidogo. Yanasukuma kwa nguvu zake yenyewe juu ya zile za udongo. Na si hilo tu. Udongo ukilowa ukawa ndani ya maji, uzito wake wa kukikalia kisigino unapungua, kama ndoo unavyoivuta kisimani ikiwa nyepesi mpaka itoke juu. Kwa hiyo anayekusukuma ameongezeka, na anayekushika amelegea. Paili za nyuma, zile nilizozipa kazi nyepesi, ndizo zingevutwa. Sikuwa nimezipa chuma cha kuvutwa hivyo. Na ukuta ukienda, ungekwenda upande mmoja tu, na hatua kumi mbele palikuwa na nyumba ya bati na kaburi.

Foromani aliona ninavyoyatazama maji. "Mama, hii ni maji ya mvua tu," akasema. "Tujaze, itatafuta njia."

Hapo ndipo unapohitaji mambo mawili ya bei ya chini. La kwanza, ndoo na saa. Kila asubuhi nilipima ndoo inajaa kwa muda gani. Mvua ikakatika siku nne, jua kali, na ndoo ikaendelea kujaa kwa muda uleule. Maji ya mvua hupungua. Ya chemchemi hayana habari na jua. La pili, timazi, yaani uzi wenye kipande cha chuma chenye ncha. Niliitundika kutoka msumari juu ya ukuta, upande wa mbele, nikapiga alama ya penseli kwenye zege ya kidole pale ncha ilipoelekea. Siku ya nne ncha ilikuwa imesogea unene wa kijiti cha kibiriti, kuelekea kwa Dani. Kila ukuta huinama kidogo ukipewa mzigo, lakini ukuta wangu ulikuwa na nusu ya mzigo tu. Nikasimamisha lori.

Kisha nikaenda kwa Mzee Okelo. Nilikuwa nimejitayarishia maneno njiani, yote mazuri, ya lugha na bahati mbaya na jinsi visima vilivyochimbwa kiangazi. Nilipoingia yakaisha. Nikamwambia, "Mzee, nimekosea. Bibi aliniambia kuna soko, nikaandika la kuuzia."

Nilimwona akilitamka lile neno bila sauti, mdomo tu. "Soko," akasema hatimaye. "Mimi nimezaliwa karibu na soko. Nimeteka maji soko. Nikasoma Kiingereza chako nikapitisha." Akafunga faili. "Basi tumekosea wawili. Umemwambia mwenye nyumba?"

"Bado. Nimekuja kwako kwanza."

"Umekuja kwa mtu ambaye ukuta hautamwangukia. Rudi umwambie yeye."

Nikarudi. Hiyo safari fupi ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda. Nilimkuta Dani anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Nikamwambia yote, pamoja na kijiti cha kibiriti, nikamwomba akalale kwa mwanawe mjini hadi nitakapomwita. Nilitegemea anifokee. Nilitaka anifokee.

"Kwani huko kwenu soko mnaiita nini?" akauliza.

Nikamwambia jina la chemchemi kwa Kikuria. Akalijaribu mara mbili, akalikosea mara mbili, akacheka mwenyewe. Halafu akaacha kucheka. "Mimi nitaenda kwa Otieno," akasema. "Mzee haendi. Wewe ulisema haitakuja. Sasa itengeneze isikuje."

Basi tukautoa ule udongo wote tulioujaza, kwa majembe sehemu kubwa, kwa sababu nilikataa mashine nzito nyuma ya ukuta ule. Foromani hakuzungumza nami wiki mbili isipokuwa kwa kazi. Tulilifuata jicho la maji hadi kwenye mwamba, tukalizungushia mawe makubwa, juu yake kokoto, juu yake mchanga, ili maji yapite na udongo ubaki. Nyuma ya ukuta mzima tukashusha tabaka la mawe hadi kwenye kitako, na chini yake bomba lenye matundu. Nikarudia hesabu, safari hii kama mtu mwoga: vipi bomba likiziba siku moja? Nikapunguza kimo cha udongo, uwanja ukashuka, na wodi ikabidi ipate ngazi na njia ya mteremko ya machela. Mchora majengo alinilalamikia sana. Nikamwambia aje anywe chai na mimi hatua kumi chini ya ukuta, tuzungumze hapo. Hakuja.

Lile bomba lazima litokee mahali. Nilitoboa ukuta mbele, kwenye usawa wa kiuno cha mtu, tukajenga birika dogo la zege na mahali pa kuweka mtungi. Maji yakatokea upande wa Dani. Timazi niliiacha imetundikwa hadi mvua za mwaka uliofuata zikapita. Ncha ilitembea kidogo tulipojaza upya, ikasimama, nikaipigia alama ya mwisho kwa patasi, msalaba mdogo kwenye zege. Ndipo nikampigia Otieno simu nikamwambia amrudishe mama yake.

Kwa hiyo mkiniuliza juu ya programu zenu, nawaambia zitumieni, ni nzuri, zinakamata makosa ambayo sisi tuliyakwangua kwa wembe. Lakini programu yako itakuuliza nyuma ya ukuta kuna nini, na itaamini utakachoandika. Haijui Kijaluo. Haijui Kikuria. Mwenyeji akikwambia neno unalolijua, hapo ndipo umwombe akupeleke ukalione. Neno usilolijua halina hatari, utaliuliza mwenyewe. Unalolijua ndilo litakalokuumiza.

Dani Awino alifariki mimi nikiwa nimeshastaafu. Otieno akanipigia, nikaenda. Walimzika kando ya mumewe, hatua kumi kutoka kwa ukuta, na mchungaji alisema mambo mazuri ambayo sikuyasikia yote. Maana nitasema ukweli: nilikuwa na timazi kwenye mkoba. Watu walipoanza kwenda kula, nilizunguka nikapanda ngazi za wodi, nikatafuta ule msumari, ukiwa na kutu, nikatundika uzi. Nikashuka. Upepo wa ziwa uliuchezesha kidogo, nikasubiri. Ukatulia, na ncha ikasimama katikati ya msalaba.

"Haujaja, Dani," nikasema, na nikalia pale, mwanamke mzima na uzi mkononi.

Nilipofuta macho niliona nimesimama mbele ya birika. Wanawake walikuwa wamepanga mitungi kutoka pale hadi kwenye uzio wa boma, na mmoja, ambaye hakunijua, akanigusa bega kwa heshima.

"Mama," akasema, "foleni inaanzia kule nyuma."

Nikakunja timazi yangu nikaenda nyuma.